Goli la Upande wa Mtaroni

Siku tuliyosikia kwamba kampuni moja ya sabuni inatafuta watu wa kuitengenezea gemu ya netiboli, nilicheka. Nilicheka kama mwanaume aliyekulia Temeke akipiga chandimu, mpira wa miguu wa mtaani, akaamini kwamba netiboli ni kitu wanachofanya akina dada wakati sisi tunasubiri watuachie uwanja. Mwenzangu wa kazi, dada mmoja mchoraji ambaye ananivumilia tangu tulipopanga chumba cha ofisi pamoja kule Tegeta, aliniacha nimalize kucheka. Kisha akauliza, "Kwani mama yako si alikuwa anacheza netiboli?"

Alikuwa anacheza, tena sana. Mama alikuwa mfungaji wa timu ya kiwanda cha nguo alichofanyia kazi ujana wake wote. Mimi nilikuwa mtoto wa kukalia khanga yake pembeni mwa uwanja, nikilinda viatu vyake. Lakini nyumbani kwetu netiboli haikuzungumzwa, na nilikuwa nimezoea kutoizungumza mpaka nikasahau kwamba kuna jambo tunalinyamazia.

Tukaomba kazi, tukapewa. Kampuni ilitaka gemu ya mtandaoni itakayochezeka kwenye simu ya aina yoyote, jezi ziwe na rangi za sabuni yao, mabango ya sabuni yao yazunguke uwanja, na mpira uende kama mpira wa kweli. Hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Gemu nyingi za matangazo mpira wake huelea kama puto la harusini, na mimi nina ugonjwa mmoja: nikiona mpira unadunda kwa uongo siwezi kunyamaza, hata kama gemu si yangu.

Nikanunua mpira wa netiboli. Jirani na ofisi yetu kulikuwa na ghorofa ambayo haijaisha kujengwa. Nikachora futi na inchi kwa chaki kwenye ukuta wake, nikawa naudondosha mpira kutoka juu huku simu inarekodi. Niliudondosha kwenye saruji, kwenye udongo mkavu, kwenye udongo ulionyunyiziwa maji, kwenye mchanga. Halafu nikaitazama video polepole na kuandika kila dundo limefika wapi. Siku ya tatu fundi mwashi mmoja aliweka karai lake chini.

"Braza, samahani," akaniuliza, "ishu ni nini hasa?"

"Napima mpira," nikamwambia.

"Ukishapima unauuza kwa kilo?"

Wenzake walicheka mpaka chakula cha mchana. Mimi nilirudi mezani kwangu, nikaandika jinsi uzito unavyouvuta mpira chini, jinsi hewa inavyoupunguzia mwendo, jinsi vidole vinavyouzungusha kinyumenyume unapotoka mkononi, na jinsi chuma cha goli kinavyoutema ukigusa ukingo. Kimo cha goli nilikitoa kwenye kitabu cha sheria: futi kumi, na hakuna ubao nyuma yake wa kukusaidia. Baada ya miezi kadhaa ya kuandika na kufuta, mpira ukaanza kuwa na tabia yake. Ukiurusha kwa uvivu, unakuaibisha. Nilijiona fundi kwelikweli, na sikumficha mtu.

Mtu wa kwanza kuijaribu nje ya ofisi alikuwa mama. Bado anaishi kwenye nyumba yetu ya zamani, karibu na maseremala wa Keko, ambako ukitaka kuongea na simu asubuhi lazima ushindane na mashine za kuranda mbao. Nilimwekea gemu kwenye simu yake, nikamwonyesha: unaburuta kidole kuchagua mpira uende juu kiasi gani, kisha unaachia. Mchezaji tulimchora kwa kimo chake yeye, ila sikumwambia.

Akarusha. Mpira ukapita juu ya goli. Akarusha wa pili, ukapita juu. Wa tatu ukagonga chuma cha nyuma ukarudi uwanjani. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena.

"Goli lako fupi," akasema.

"Mama, hilo ni futi kumi. Ndiyo sheria dunia nzima."

"Mie dunia nzima sikuicheza. Nakwambia fupi. Mtu wa kimo hiki akisimama hapa, goli linakuwa..." Akainua mkono hewani, na kiganja kikasimama mahali pake bila kutafutatafuta. "Hapa."

Nilikasirika, nakiri. Nimeupima mpira mpaka mafundi wameniona chizi, halafu mtu aliyejua simu ya tachi juzi ananiambia goli langu fupi. Nikamjibu kwamba labda kumbukumbu ndiyo imezeeka. Si neno la kumwambia mama yako. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata refa alisema hivyohivyo. Kwamba ni futi kumi kamili."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiigusa habari ile.

Lazima niieleze. Uwanja wa kiwanda ulikuwa wa udongo, na upande mmoja ulipakana na mtaro wa maji ya mvua. Goli la upande huo waliliita goli la mtaroni. Timu za viwanda vingine zikija, zilifunga vizuri tu goli la upande wa geti. Wakibadilishana upande, mipira yao inaanza kudondoka mbele ya goli la mtaroni kama imekatwa mabawa. Mama na wenzake walifunga kote kote. Kwenye fainali moja, mfungaji wa timu ya wageni, dada mrefu aliyesifiwa na kila mtu, alikosa mipira mingi kwenye goli lile mpaka akalia. Kisha akamnyooshea mama kidole mbele ya uwanja mzima: "Huyu kafukia kitu hapa!"

Kwenye mpira wa miguu mambo hayo ya uchawi tunayaita kamati ya ufundi, tunacheka, tunakwenda zetu. Mwanamke akinyooshewa kidole hakuna anayecheka. Refa aliagiza tepu ya fundi, akapima kutoka kwenye kitako cha saruji cha nguzo hadi kwenye chuma cha goli. Futi kumi kamili. Basi, watu wakasema, kama goli halina kasoro, kilichobaki ni nini? Wakachimba. Wakapata kipande cha kitambaa cheusi. Ni kiwanda cha nguo, jamani! Ungechimba popote pale ungepata kitambaa cha rangi unayoitaka. Ushindi haukufutwa, lakini msimu uliofuata mama hakwenda mazoezini, na hakurudi tena. Alikuwa bado kijana, na mkono wake ulikuwa bado na magoli mengi ndani.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Yule mfungaji wa wageni baadaye akaolewa mtaa wa pili kutoka kwetu, na yeye na mama wamekuwa jumuiya moja ya kanisani kwa miaka mingi. Wanasalimiana, wanaimba pamoja, wanahudhuria misiba ya kila mmoja. Lakini zamu ya sala ikifika nyumbani kwetu, yeye hagusi chai. Leo amefunga, safari ijayo tumbo linamsumbua. Mama humwekea kikombe vilevile, na mimi nimekwenda kukimwaga nje mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimchukua mama tukaenda uwanjani. Nilibeba tepu yangu. Nisiseme uongo, nilikuwa nakwenda kushinda ubishi. Kiwanda siku hizi ni maghala ya kuhifadhia mizigo, lakini uwanja upo, na nguzo ya upande wa mtaroni bado imesimama na kutu yake. Mlinzi alimwamkia mama akatufungulia geti. Nikaweka tepu juu ya kitako cha saruji, nikaisukuma kwenda juu mpaka ikagusa chuma. Futi kumi kamili.

"Unaona?" nikasema.

Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye nguzo, pale alipozoea kusimama akirusha. "Naona," akasema. "Ila mie sikuwa nasimama juu ya saruji."

Nilijiona mjinga, nikiwa na tepu mkononi. Kitako cha saruji kilikuwa kimeinuka juu ya udongo kama kisiki, na mimi mpima mipira nilikuwa nimekiinamia bila kukiona. Nikapanda bodaboda mpaka Keko kwa seremala mmoja ninayemfahamu, nikaazima uzi na pima maji. Tulifunga uzi kwenye nguzo usawa wa kitako, mama akashika ncha ya pili, tukauvuta na kuushusha na kuupandisha mpaka ukalala sawa. Nikapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye nyayo za mama. Ilikuwa karibu shubiri nzima.

"Mlikuwa mnafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Tulikuwa tunafagia," akasema.

Kila siku ya mazoezi walifika na mafagio ya chelewa. Wanafagia uwanja wote, wananyunyiza maji ili vumbi litulie, ndipo wanagusa mpira. Kucheza kwenye uwanja usiofagiwa ilikuwa aibu, sawa na kupokea wageni vyombo vikiwa vichafu. Na taka zote na vumbi lote walivisukumia upande uleule, mtaroni. Mwaka baada ya mwaka fagio lilikula udongo mbele ya goli, mvua ikamalizia, na kitako cha saruji kikabaki pale kilipomwagwa siku ya kwanza. Walijichimbia shimo kwa usafi wao. Hakuna aliyeliona kwa sababu lilikuja kidogo kidogo, na miili yao ikalifuata kidogo kidogo. Kwenye goli hilo, ambako ndiko walikofanyia mazoezi ya kufunga, wakajifunza kurusha juu zaidi bila kujua kwamba wanarusha juu zaidi. Wageni walikuja na mkono wa futi kumi, wakakuta goli lenye futi kumi na karibu shubiri, wakarudi makwao wakisema uchawi.

Mimi ni mbishi hata furaha ikinijia. Nikasema huenda shimo limechimbwa na mvua za miaka ya baadaye. Tulipofika nyumbani mama alitoa albamu kabatini, akafungua picha ya siku ileile ya fainali, iliyopigwa kabla ya mchezo. Timu imesimama chini ya goli la mtaroni. Pembeni yao kuna mtoto wa miaka kama sita, amekalia kitako cha saruji kama kigoda, miguu imekunjwa vizuri magotini. Mtoto huyo ni mimi. Kitu kilicho sawa na ardhi hukikalii hivyo.

Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa kiganja. "Unajua hata mie," akasema, "kuna siku nilikuwaga najiuliza labda kweli kuna mwenzetu alifukia kitu." Hilo liliniuma kuliko kile kidole alichonyooshewa. Walikuwa wamemnyang'anya hata uhakika wa mkono wake mwenyewe.

Kuanzia hapo nilikuwa natengeneza jambo jingine, sabuni ikiwa mgeni wa heshima. Nilirudi Tegeta nikamwambia mwenzangu kwamba tunachora uwanja uleule: ukuta wa kiwanda, mtaro, mwarobaini wa getini, na shimo. Hakuuliza maswali mengi. Nikaongeza kitufe cha kutazama kwa ubavu. Ukikosa, unakibonyeza, na uwanja unageuka ili uone mchezaji, ardhi na goli kwa pembeni, pamoja na mstari wa njia uliyopita mpira. Nikamrekodi mama akirusha mpira uani kwake. Mabega yamepungua nguvu, lakini kifundo cha mkono bado kinajua kazi. Mpira ulitoka vidoleni mwake ukijizungusha taratibu, kila mara mzunguko uleule, na mimi nikauhesabu na kuuingiza kwenye gemu kama ulivyo.

Kampuni haikufurahi. Afisa masoko wao, mwanaume wa makamo mwenye haraka zake, alirusha mara nne goli la mtaroni, na mara zote nne mpira ukadondoka mbele. "Goli hili bovu," akasema. "Wateja watadhani gemu imeharibika. Lisawazishe na lile jingine."

Mtu mwenye busara angesema sawa bosi. Mimi nikasema goli hilo si bovu, goli hilo ndilo la kweli kuliko kitu chochote kilichomo humo ndani, na kama linasawazishwa basi watafute mtu mwingine wa kulisawazisha. Mwenzangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Afisa akatazama saa, akasema tuna wiki moja ya kufikiria. Tulipotoka nje mwenzangu aliniambia, "Una bahati nami nalipenda hilo shimo."

Wiki iliyofuata nilikwenda na mama. Alivaa kitenge chake cha harusini, na nywele alizisuka upya.

"Shikamoo mama," afisa akasema, akinyanyuka.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipeni hiyo simu."

Alirusha mipira kumi goli la mtaroni. Akafunga tisa, na wa kumi akasema kidole kimeteleza. Afisa akaomba simu. Akakosa. Akabonyeza kile kitufe, akautazama uwanja kwa ubavu, akakunja uso, akarusha tena juu zaidi. Akakosa kwa kidogo. "Usilitazame goli, mwanangu," mama akamwambia. "Tazama juu yake." Wa sita ukaingia, na yule mtu mzima akaruka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, kiti kikaenda kugonga kabati. Alicheza mpaka watu wa kikao kilichofuata wakachungulia mlangoni mara mbili. Habari ya kusawazisha haikusikika tena. Alichoomba ni kwamba bango la sabuni lihamishiwe nyuma ya goli hilo, kwa kuwa hapo ndipo watu watakapokodoa macho muda mrefu zaidi. Nikampa, maana sabuni nayo ina haki yake.

Gemu ikatoka. Nilikuwa napita kwenye saluni moja huko Kibamba nikamsikia dada mwenye dawa kichwani akimfokea mwenzake aliyeshika simu: "Hilo la mtaroni hilo! Upandishe juu, upandishe juu!" Nilisimama mlangoni kama mtu anayesubiri chenji, nikitabasamu peke yangu, mpaka mwenye saluni akaniuliza kama nimepotea. Wanasema chema chajiuza. Hiki changu nilikitembeza pia, sina aibu, kwa kila ndugu na jirani mwenye simu. Nilijivuna na bado najivuna. Mpira ule unadunda kama mpira wa Temeke, kwenye udongo wa Temeke, na mkono unaourusha naujua ni wa nani.

Lakini kuna mtu mmoja alikuwa hajaicheza gemu hiyo. Jumamosi moja zamu ya jumuiya ilikuwa kwa mama, na mimi nilikuwepo kusaidia viti. Sala ikaisha, akina mama wakaanza kupokezana simu na kupigiana kelele. Yule mfungaji wa zamani alikaa karibu na mlango kama kawaida yake. Mama akanyanyuka, akamfuata pale pale, akampa simu yake.

"Jaribu na wewe, mwenzangu," akasema. "Humu ndani mfungaji mwingine ni wewe."

Waliokuwa wanajua walijua, na wasiojua waliona nyuso za wanaojua. Yule mama akaitazama skrini, na nikaona anautambua ukuta, halafu mtaro, halafu nguzo. Nilidhani ataaga. Akarusha. Mpira ukadondoka mbele ya goli. Wa pili, mbele. Wa tatu, mbele, palepale ulipodondokea mbele ya watu siku ile. Akauma mdomo. Kidole chake kikakigusa kitufe cha kutazama kwa ubavu, uwanja ukageuka taratibu, ukamwonyesha mchezaji amesimama ndani ya shimo, na goli liko juu yake, mbali kuliko alivyodhani.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya mafagio, mvua, kitako na hesabu zote, mdomo uko wazi. Mama alinikazia jicho, nikaufunga.

"Palikuwa na shimo," yule mama akasema.

"Palikuwa na shimo," mama akaitikia.

"Goli lilikuwa refu." Akaishusha simu mapajani. "Dada, lilikuwa refu, na mie miaka yote hii nasema..."

Mama akamwekea mkono begani. Nilitegemea neno la msamaha, maana tulikuwa tumetoka kusali sasa hivi. Badala yake nikamwona akijinyoosha mgongo, akisimama kwa kimo chake chote.

"Lilikuwa refu hata kwetu," akasema. "Ila sie tulikuwa tunafanya mazoezi kila siku baada ya zamu."